Krimu ilisafisha uso wiki moja, sasa vipele vimejaa

SWALI: Nina miaka 22. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha pili. Miezi mitano sasa napaka krimu niliyouziwa sokoni. Wiki ya kwanza uso ulitakata, sasa umejaa vipele vidogo vidogo, na nikiiacha siku mbili tu unawasha na kuwaka moto. Nifanyeje?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Binti, chukua boksi la hiyo krimu usome maandishi madogo. Ukikuta “betamethasone” au “clobetasol”, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo daktari huitoa kwa magonjwa mengine ya ngozi, tena kwa muda maalumu. Mikorogo mingi huwa nayo hata kama haikuandikwa. Siku za mwanzo hutuliza uvimbe wa chunusi, ndiyo maana uso ulitakata. Ukiendelea nayo, ngozi inakuwa nyembamba, vinatoka vipele vingi vya ukubwa mmoja, na kila ukiiacha vinafumka upya. Hapo ndipo wengi huirudia, na tatizo linazidi kukomaa. Nenda na boksi lake kliniki ya ngozi, hospitali ya mkoa, uongozwe namna ya kuiacha. Mwasho unaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Vumilia, utapita.

Chunusi zenyewe hazitokani na uchafu. Homoni za kubalehe huchochea tezi za mafuta. Mafuta yakishikana na seli zilizokufa, kitundu cha kinyweleo kinaziba. Bakteria wanaoishi humo siku zote huongezeka, mwili unapambana nao, unapata uvimbe na usaha. Kusugua uso kwa dodoki kunachubua tu. Ndimu na dawa ya meno huunguza, na kwenye ngozi nyeusi mchubuko mdogo tu huacha doa la miezi.

Daktari akiridhika kwamba ngozi imetulia, muulize kuhusu dawa mbili. Asubuhi, nawa kwa sabuni laini, paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, dawa inayoua bakteria wa chunusi, kisha krimu ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi. Benzoili peroksaidi ya asilimia 10 huchubua zaidi bila faida kubwa. Dawa hii hupausha kitambaa, kwa hiyo tumia taulo na foronya nyeupe, na kanga zako ziweke mbali.

Usiku, adapalini ya asilimia 0.1. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima. Usiiweke juu ya chunusi peke yake, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia vitundu vingine visizibe. Nawa, acha uso ukauke kabisa, ndipo upake. Wiki mbili za kwanza paka usiku mmoja, ruka miwili. Kubabuka kidogo ni kawaida. Uso ukiwaka, pumzika siku chache. Usiitumie ukiwa mjamzito. Matokeo huonekana wiki ya 8 hadi ya 12, na mwanzoni chunusi zinaweza hata kuongezeka. Wengi hukata tamaa hapo, mapema mno.

Vidonge vya antibayotiki usijinunulie. Daktari akikuandikia, endelea na benzoili peroksaidi ili bakteria wasiwe sugu.

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka 15, ana chunusi kwenye paji la uso tu. Nimemkataza karanga na mayai, wapi!
Mama, Tanga

JIBU: Mama, mrudishie karanga na mayai yake. Soda na vitu vya sukari nyingi ndivyo vya kupunguza. Ila kwanza angalia mafuta yake ya nywele: akitoka jasho yanashuka kwenye paji na kuziba vitundu. Ayaache miezi miwili muone. Kofia na foronya zifuliwe kila wiki. Asitumbue, kwani usaha hupasukia ndani na kuacha kovu. Yakitokea manundu makubwa yenye maumivu, au mashimo yakianza, mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema, maana kovu la shimo haliondoki kwa krimu.