Mkojo wa paka kwenye kochi: umefua kitambaa, shida iko kwenye sponji

Mkuu uliyesema paka kakukojolea kochi, ukafua kitambaa mara tatu, harufu ikapotea, halafu mvua ya juzi ikairudisha kama vile kakojoa leo, pole sana. Mimi niko Kigoma, huku mvua zikishakolea mwezi wa kumi na moja hata chumvi kwenye kikopo inalowa, kwahiyo hiyo harufu ya kurudi naijua vizuri.

Sisi paka tulimchukua kwa ajili ya panya, maana nyumba yenye gunia la dagaa panya hawakosi. Ni shume, kazi anaifanya kweli, ila alipobalehe akaanza kurushia mkojo kochi la watu watatu, palepale kila siku.

Kosa langu la kwanza nilimwaga klorini ya kung'arishia mashuka. Aisee usijaribu. Mkojo una amonia, ikikutana na klorini inatoka gesi ya sumu, macho yaliwasha kifua kikabana tukatoka nje wote mpaka mgeni. La pili ni maji ya moto, jirani alinishauri, harufu ndo ikashika zaidi.

Ujue kwenye mkojo kuna asidi ya yuriki, ikikauka inakuwa chembechembe ambazo maji na sabuni haziyeyushi kirahisi. Sabuni inatoa vingine, hizo zinabaki ndani zimelala, hewa ikipata unyevu zinaamka. Ndo maana kiangazi ulijiona umeshinda.

Nilichofanya, nilifungua zipu nikatoa sponji, halafu usiku nikaenda kwa dada wa wakala wa pesa kuazima kale kataa ka bluu ka kukagulia noti bandia, akacheka, "Kaka, noti zenyewe umezificha kwenye kochi?" Nikazima taa za ndani nikamulika, maana mkojo uliokauka unang'aa kwenye mwanga huo. Kwenye kitambaa doa lilikuwa la ukubwa wa sahani, kwenye sponji ni sinia zima, na upande wa chini limesambaa kuliko juu. Yaani miezi yote mi nilikuwa nafua sahani.

Basi nikachanganya siki nyeupe kikombe na maji kikombe nikamimina mpaka ikatokea upande wa pili, kunyunyiza hakusaidii, dawa lazima ifike mkojo ulipofika. Nikaacha kama robo saa, nikaweka taulo kavu nikapanda juu kwa miguu kukamua, taulo likatoka na rangi ya chai ya rangi. Nikasuuza, nikakamua tena, ilipokauka nikaja na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda inauzwa duka la dawa, na tone la sabuni ya vyombo. Hii jaribu kwanza sehemu iliyojificha maana inapausha rangi, na usiichanganye na siki kwenye chombo kimoja. Mwisho bekingi soda juu, ilale usiku, asubuhi unakung'uta.

Kukausha ndo kipengele. Sponji nene inachukua hata siku mbili, isimamishe penye upepo, ukiirudisha na ubichi unapata ukungu juu ya mkojo.

Na bado harufu ilibaki kidogo! Nikainama kunusa (mke wangu alinikuta kichwa kiko chini ya kochi akaniuliza kama nimepoteza kitu), kumbe ni fremu, mninga mzuri tu ila fundi alipaka vanishi kwa nje peke yake, kwa ndani mbao imekunywa. Nikapiga msasa, nikafuta na siki, ikakauka kabisa nikapaka vanishi mikono miwili.

Paka naye mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe, wengi wanaacha kurusha mkojo, na mwekee beseni la mchanga, sisi tunachota wa ziwani. Ila ukiona dume anajikamua na mkojo hautoki, usingoje kesho, hiyo ni dharura anaweza kufa.

Sponji yako ikiwa imekunywa kwa mwaka mzima usihangaike, kata nyingine. Mi moja ya kati niliitupa, mbili za pembeni zimepona, na mvua za msimu huu zimenyesha mpaka barabara imekatika, sebuleni kunanuka dagaa tu.