Huyu ni kiwavijeshi yupi? Maswali ya wasomaji kuhusu nondo wa jenasi Spodoptera

Tangu mvua zianze nimepokea picha nyingi za viwavi na nondo, baadhi zimepigwa usiku kwa tochi ya simu, na karibu zote zimeambatana na swali lile lile: huyu ni yupi? Nimeamua kuyajibu maswali hayo pamoja kwa sababu wengi wa wadudu mlionitumia ni wa jenasi moja, Spodoptera, ambayo ndani yake ndugu hufanana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyewazoea.

Wazee wetu waliwajua viwavijeshi tangu zamani. Sasa tunaambiwa kuna viwavijeshi vamizi. Je, ni mdudu yule yule aliyebadilishiwa jina? (Msomaji, Kilosa)

Hapana, ni wawili tofauti. Yule wa wazee ni Spodoptera exempta, mwenyeji wa Afrika, anayetokea kwa makundi makubwa baada ya mvua za mwanzo na kufyeka nyasi, mtama, ulezi, mpunga na mahindi machanga kwa siku chache. Viwavijeshi vamizi ni Spodoptera frugiperda, ambaye asili yake ni mabara ya Amerika. Alielezwa kitaalamu mwaka 1797 kutokana na vielelezo vya jimbo la Georgia, Marekani, akathibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 alikuwa ameshaingia kwenye mashamba ya Kenya na Tanzania. Kasi hiyo haishangazi ukizingatia kwamba nondo wake, akibebwa na upepo, anaweza kwenda kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Hao wawili si peke yao. Jenasi hii, iliyopewa jina na Mfaransa Guenée mwaka 1852, ina spishi zipatazo 30 duniani, na karibu nusu yake ni waharibifu wa mazao. Katika mashamba yetu mtu atakutana pia na Spodoptera littoralis kwenye pamba, nyanya na mboga, na Spodoptera exigua, mdogo kuliko wenzake, kwenye mchicha na vitunguu. Tatizo ni kwamba Kiswahili kimewapa wote jina moja la kijeshi, ilhali tabia hiyo ya kutembea kama jeshi ni ya exempta hasa.

Shikamoo mwalimu. Sina hadubini wala lenzi. Nitamtambuaje kiwavijeshi vamizi shambani? (Msomaji, Mbozi)

Marahaba. Huhitaji hadubini, ila unahitaji subira na kiwavi aliyekua kidogo. Wale waliototolewa juzi, wenye kichwa cheusi na mwili mweupe unaopitisha mwanga, usipoteze muda nao, kwa kuwa alama zao bado hazijajitokeza. Subiri afikie urefu wa sentimita moja na nusu au zaidi.

Fungua taratibu majani yaliyojikunja katikati ya mhindi. Ukiona kinyesi chenye unyevu kinachofanana na unga wa mbao, mwenyewe yuko chini yake, na kwa kawaida utamkuta mmoja tu, kwa sababu viwavi hawa hulana wao kwa wao wakibanana. Mweke kwenye kiganja au kwenye karatasi nyeupe, kisha tazama sehemu mbili. Kwanza, uso wake: utaona mistari ya rangi hafifu iliyokutana kama herufi Y iliyopinduliwa, mkia wake ukielekea juu ya kichwa na miguu yake miwili ikishuka pembeni. Pili, na hili ndilo la uzito zaidi, nenda karibu na mkia, kwenye pingili ya nane ya tumbo. Hapo pana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Kwenye pingili zilizotangulia madoa ni manne pia, lakini mawili ya mbele yamekaribiana kuliko mawili ya nyuma, hivyo umbo linalojitokeza ni trapeza na si mraba. Kila doa lina unywele mmoja mfupi.

Nasisitiza mraba kwa sababu wasomaji wengi huniandikia kwamba wameona Y na wamekwisha kuamua. Y peke yake haitoshi, kwani viwavi kadhaa wa ukoo huu wana mstari wa kufanana nao kichwani. Rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote: frugiperda huyo huyo anaweza kuwa wa kijani, wa kahawia, au karibu mweusi.

Kwa wenzake, tazama pengine. Littoralis hana mraba huo. Yeye ana madoa meusi ya umbo la mwezi mchanga kwenye mbavu, na yale ya pingili ya kwanza na ya nane ya tumbo ni makubwa kuliko mengine, kiasi kwamba ukimtazama kutoka juu unaona kama ametiwa muhuri mbele na nyuma. Exigua mara nyingi ni wa kijani laini, na wengi wao wana doa jeusi moja ubavuni, juu ya jozi ya pili ya miguu ya mbele. Na ukimkuta kiwavi ndani ya bua lenyewe, amechimba handaki, yaelekea si wa jenasi hii kabisa, bali ni mabungua, ambao ni habari nyingine.

Mwaka juzi viwavi kwenye malisho yetu walikuwa weusi tititi. Mwaka huu nimeona wachache, nao ni wa kijani. Ni aina mbili? (Mfugaji, Longido)

Kwa maelezo yako, ni exempta nyakati zote mbili. Spishi hii ina sura mbili zinazotegemea msongamano. Viwavi wanaokua wametawanyika hubaki wa kijani au kahawia, hujificha chini ya mashina ya nyasi, na mtu anaweza kupita juu yao asiwaone. Wakizaliwa wengi pamoja na kugusana mara kwa mara, huwa weusi kama mahameli, wenye mistari myembamba ya rangi hafifu ubavuni, na huanza kutembea hadharani mchana kweupe. Kilichobadilika si mdudu, ni idadi ya majirani zake.

Weusi huo una kazi. Watafiti wamegundua kwamba viwavi waliokulia kwenye msongamano hustahimili maradhi ya virusi kuliko wale waliokulia peke yao, jambo lenye mantiki, maana penye umati ndipo ugonjwa unapoenea. Kwa hiyo wale wachache wa kijani uliowaona si dalili ya usalama. Ni spishi ile ile ikiwa katika msimu wake wa kimya.

Nimetundika mtego wa feromoni wa viwavijeshi vamizi, na ndoo inajaa nondo. Je, wote ni wao? (Msomaji, Trans Nzoia)

Karibu hakika si wote. Kivutia kilichomo mtegoni huiga harufu ya nondo jike anayeita dume, na mchanganyiko huo una kemikali zinazotumiwa pia na nondo wengine. Anayelalamikiwa zaidi barani Afrika ni Leucania loreyi, wa jenasi nyingine kabisa, ambaye anaweza kujaa kwenye mtego kuliko yule uliyemkusudia. Mimi mwenyewe, miaka hiyo nikiwa na haraka ya kufunga hesabu ya wiki, niliwahi kuhesabu ndoo nzima kuwa vamizi kwa sababu tu lebo ya kivutia ilisema hivyo. Mwenzangu alipoimwaga juu ya gazeti na kuwatenga mmoja mmoja, nilibaki na kundi dogo la kuaibisha.

Fanya kama alivyofanya yeye. Mtego wa feromoni hunasa madume, na dume la frugiperda lina bawa la mbele la kijivu na kahawia lenye doa jeupe la pembetatu kwenye ncha, pamoja na alama ya mviringo iliyolala mshazari katikati. Bawa la nyuma ni jeupe la kung'aa kama fedha, na ukingo wake ni mwembamba na mweusi. Loreyi ana rangi ya majani makavu, na katikati ya bawa lake la mbele kuna mstari mweusi unaoishia kwenye nukta ndogo nyeupe. Exigua, akipotea njia akaingia, ni mdogo na alama yake ya mviringo ina rangi ya chungwa.

Angalizo: nondo aliyepigania roho yake ndani ya ndoo usiku kucha huwa amepukutika magamba, na bila magamba hakuna alama. Toa nondo kila asubuhi ikiwezekana, na wale waliokwisha kuwa vipara waandike "hawakutambulika" badala ya kuwasukumia kundi lolote. Majike ya frugiperda, utakayoyakuta kwenye taa, ni ya kijivu isiyo na mapambo, na kwa macho matupu sithubutu kuyapa jina.

Mtoto wangu amewashika. Watamwasha? (Msomaji, Morogoro)

Hawawashi. Neno kiwavi humkumbusha Mswahili mwasho, na wako viwavi wenye manyoya ambao kweli huwasha vibaya, lakini viwavi wa Spodoptera ni wenye ngozi tupu. Anawe mikono tu, hasa kama shamba lilipuliziwa dawa.

Nimeona mayai kwenye jani, yamefunikwa na kitu kama sufi. Naweza kujua ni ya nani? (Msomaji, Kitale)

Unaweza kukisia vizuri. Sufi hiyo ni magamba na nywele ambazo jike hujinyofoa mwilini ili kufunika mayai yake. Kwa frugiperda kifuniko ni cha kijivu au rangi ya mchanga, na rundo moja kwa kawaida lina mayai 100 hadi 200. Jike la exempta lina kishungi cheusi kwenye ncha ya tumbo, hivyo sufi ya mayai yake ni nyeusi. Ukitaka uhakika, likate jani, uliweke kwenye chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, uwalishe watakaototolewa majani mabichi ya mahindi, na umngojee kiwavi akue. Ni njia ya polepole, nami naipenda kuliko zote.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kwa nini watafiti hupasua tumbo la nondo badala ya kutazama mabawa? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu mabawa hudanganya. Mfano unaotajwa sana ni wa littoralis na litura. Wa kwanza ni wa Afrika na pwani za Mediterania, wa pili ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki, na kwa mabawa hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa uhakika. Hukatwa sehemu ya nyuma ya tumbo, ikachemshwa katika hidroksidi ya potasiamu hadi nyama ziyeyuke, kisha viungo vya uzazi, ambavyo ni vigumu na vina umbo thabiti kuliko rangi yoyote, husafishwa na kutazamwa chini ya hadubini.

Siku hizi wengi hukimbilia DNA. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande kimoja cha jeni chenye herufi zipatazo 650 kitumike kama msimbo wa kutambulisha wanyama, na kwa Spodoptera njia hiyo imesaidia sana, hasa kwa viwavi wachanga wasio na alama. Hata hivyo isifanywe hakimu wa mwisho. Ndani ya frugiperda kuna makundi mawili, moja la mahindi na jingine la mpunga, ambayo kwa sura hayatofautiani hata kidogo. Kipande hicho cha jeni hurithiwa kwa mama peke yake. Hivyo hapa Afrika wamepatikana wengi ambao jeni ya mama inasema "mpunga" huku jeni nyingine ndani ya kiini cha seli ikisema "mahindi", nao wamekutwa wakila mahindi.

Kama wote wanakula mahindi, jina lina faida gani? Si tupulize dawa tu? (Msomaji, Sumbawanga)

Ndugu msomaji, dawa iliyopulizwa juu ya majani humfikia exempta anayetembea hadharani, lakini frugiperda mkubwa aliyejichimbia katikati ya mhindi na kuziba mlango kwa kinyesi chake haimpati. Huyo sharti akamatwe angali mchanga, na hilo linadai kukagua shamba mara mbili kwa wiki tangu miche inapochomoza. Exempta, kwa upande wake, anaweza kutabiriwa: nondo husafiri na upepo na kutaga mvua inaponyesha, na ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Kilosa vilianza kutumia mtego mmoja na kipima mvua kimoja kujitolea tahadhari vyenyewe. Kuna pia virusi vinavyomuua exempta, vilivyofanyiwa majaribio Tanzania, ambavyo havina maana kwa mtu aliyekosea utambuzi. Na kuna nyigu mdogo, Cotesia icipe, aliyepatikana Kenya akiishi ndani ya viwavi wa littoralis na exigua kwenye mchicha, na baadaye akakutwa akimshambulia vamizi. Anayepuliza bila kutazama humuua na huyo.

Nikitaka kukutumia kielelezo badala ya picha, nikihifadhije? (Msomaji, Iringa)

Nondo mweke kwenye friza usiku mmoja, kisha mfunge katika bahasha ndogo ya karatasi. Usitumie nailoni, kwa kuwa unyevu utamwozesha. Kiwavi mtumbukize kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, halafu mhamishie kwenye spiriti, la sivyo atakuwa mweusi na kusinyaa. Ukitaka DNA yake ipimwe, ruka maji ya moto na mtie moja kwa moja kwenye spiriti kali. Ndani ya chupa weka kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka humo: kijiji, tarehe, mmea aliokutwa akiula, na kama alikuwa peke yake au kundini.