Oili ya pampu ya vakyumu imekuwa nyeupe, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Kiwandani kwetu tunakausha bidhaa zenye unyevu ndani ya tangi la vakyumu (yaani linalotolewa hewa), pampu yetu ni ile ya oili yenye bleidi zinazozunguka. Siku hizi inavuta kidogo sana, na nikichungulia kwenye kioo cha oili naona nyeupe kama maziwa. Mwenzangu anasema tuachane nayo, kuna kompresa ya pistoni iko stoo, tuunge mpira wa tangi upande inakovutia hewa, eti mashine ni ileile. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, pampu yako haijafa, imekunywa maji. Mle ndani kuna rota, kile kipande kinachozunguka, ambayo haijakaa katikati ya silinda, bleidi zake zinatoka na kurudi ndani huku zikigusa ukuta, kwahiyo nafasi kati ya bleidi na bleidi inapanuka upande wa kuingilia, hewa inajaa, halafu inabanwa mpaka vali ya kutolea ifunguke. Hewa kavu inapita bila shida. Mvuke wa maji ukibanwa hivyo unageuka maji kabla vali haijafunguka, maji yanaingia kwenye oili, na oili ikizunguka ikarudi upande wa vakyumu yale maji yanakuwa mvuke tena, ndo maana haivuti hata kama bleidi ni nzima.

Sasa angalia vizuri, pampu nyingi za aina hiyo zina kivali kidogo cha kuingiza hewa ya nje kwenye chumba cha kubania. Ile hewa kidogo inafanya vali ya kutolea ifunguke mapema, mvuke unatoka nje ukiwa bado mvuke. Kwahiyo mwaga oili ingali ya moto, weka mpya, kisha kabla ya kazi fungua kivali, funga njia ya tangi, acha pampu izunguke kama nusu saa ipate moto vizuri, na mkimaliza kazi fanyeni hivohivo tena. Kivali kikiwa wazi vakyumu inapungua kidogo lakini kwa kukausha haina neno.

Kama unyevu ni mwingi kila siku mimi ningefikiria pampu ya pete ya maji. Hiyo haina oili kwenye chumba cha kubania, pangaboi lake linarusha maji ukutani yakawa pete, na pete hiyo ndo inayobana hewa, mvuke ukiingia unageuka maji humohumo. Ubaya wake ni kwamba maji yenyewe yana mvuke wake, yakiwa na nyuzi 20 huwezi kushuka chini ya milibaa 23 (hewa ya kawaida ya nje ni kama milibaa 1,000, yaani baa 1), na yakipata joto vakyumu inazidi kupungua.

Hiyo ya kompresa hapana, na nakuomba umweleze mwenzako sababu. Kompresa ikitoa hewa ya baa 7 kwenye geji, yaani baa 8 ukijumlisha ile 1 ya hewa ya nje, imebana hewa mara 8 tu, lakini pampu ikishusha tangi hadi milibaa 1 inabana mara 1,000 hivi ili kuitoa nje. Pistoni ikifika juu haigusi kichwa cha silinda, inaacha upenyo, na hewa iliyobaki pale inatanuka pistoni ikishuka. Upenyo ukiwa asilimia 5 ya silinda, basi kwa kompresa inayobana kwa hatua moja hutashuka chini ya milibaa 50 hata uiache usiku kucha. Tena silinda ikiwa na vakyumu inavuta oili kutoka chini kupitia ringi, na hewa inayopita ni kidogo mno kuondoa joto, vali zinaanza kuungua na kushika masizi. Iacheni ifanye kazi yake ya hewa ya kubana, na kabla hamjamwaga oili ya pampu hakikisheni mmefunga vali ya tangi, pampu ikizimwa vali hiyo ikiwa wazi oili inaweza kurudi mpaka kwenye bidhaa.