Niliwasha maiki, shangazi, na kila kitu kikabadilika

Shikamoo shangazi. Nina umri wa miaka 34, ni mhasibu, nimeolewa, tuna mtoto mmoja na tunaishi Mikindani, Mombasa. Kwa miaka sita nimekuwa nikicheza gemu ya mtandaoni, ile ya ulimwengu wa kubuni wenye majoka, wachawi na mapanga, ambamo maelfu ya watu wa nchi mbalimbali hucheza kwa pamoja. Mimi ni mponyaji katika kikosi cha watu ishirini. Mhusika wangu ni mwanamume, na miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika tu, sikuwahi kusema. Mwezi uliopita kiongozi wetu aliugua, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua mipango, niliwasha maiki nikaongoza. Tulishinda. Tangu usiku ule wengine huniuliza ni nani aliyenifundisha, wengine hunizimia sauti nikitoa rai, na mmoja hunitumia dhahabu na vito vya mchezoni nisivyoviomba. Ameniomba picha, nikakataa. Juma lililopita alinitumia picha yangu ya kwenye harusi ya dada yangu aliyoitafuta mtandaoni, akaniita kwa jina langu la kweli. Mume wangu aliuona ujumbe huo. Anasema gemu ni za watoto, hao si watu wa kweli, na mke wa mtu hana cha kuzungumza na wanaume usiku wa manane. Nafikiria kumfuta mhusika wangu, au kuanza upya kwingine bila kusema neno. Nifanye nini? Tafadhali usiutaje mchezo wenyewe.
Mponyaji, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika mwisho nakwama pale pale. Umeniletea njia mbili tu, na katika zote mbili anayeondoka ni wewe. Aliyekutafutia picha habanduki, waliokuzimia sauti hawabanduki, ila wewe uliyewaongoza wakashinda ndiye unayefungasha. Jibu langu ni kwamba usimfute mhusika wako, na usirudi kwenye ukimya. Yaliyobaki nitayaeleza taratibu, na mengine hayatakufurahisha, kwa sababu lipo jambo moja ambalo nadhani mumeo ana haki nalo.

Sikutaka kukujibu kuhusu jambo nisilolijua, kwa hiyo nilimwomba binti wa jirani yangu, ambaye naye hucheza gemu za aina hiyo na naye ni mponyaji, aniketishe kando yake jioni mbili. Nilitarajia kuona vita. Kilichonishangaza ni kwamba lile joka, lililojaa skrini nzima na kutema moto, yeye hakulitazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa pembeni, kwenye visanduku ishirini vidogo, kila kimoja kikiwa na jina la mchezaji na mstari wa kijani unaofupika kadiri uhai wa mwenyewe unavyopungua. Joka lilipoinua kichwa, alianza kuponya kabla moto haujatoka. Nilipomuuliza kwa nini, alinieleza kwamba uganga wa kuponya huchukua sekunde mbili hivi kukamilika, kwamba nguvu za kuponyea zina kikomo, na kwamba mponyaji anayengoja mpaka amwone mwenzake ameumia huwa tayari amechelewa. Alikuwa anakumbuka kwa moyo dakika ambayo kila pigo lingekuja. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba wewe ndiye uliyeijua mipango, nakuamini kabisa, kwa sababu mponyaji asiyeijua mipango angekuwa ameshawaua wenzake kumi na tisa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kwa miaka sita umeunda.

Sasa tuizungumze maiki, maana hapo ndipo penye uzito. Wanawake hawakuingia katika michezo hii jana. Gemu ya World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, na vita vyake vikubwa vikihitaji kikosi cha watu 40, wanawake walikuwemo tangu mwanzo, wakiponya, wakikinga na kuongoza, na baadhi yao walifanya kama ulivyofanya wewe: waliandika, hawakusema. Mtafiti Nick Yee, ambaye kwa miaka mingi aliwahoji wachezaji wa gemu hizi, alikuta kwamba wanaume huchagua wahusika wa kike mara nyingi zaidi sana kuliko wanawake wanavyochagua wahusika wa kiume. Hilo lina maana kubwa kwako. Katika ulimwengu ule, sura ya kike kwenye skrini haimthibitishii mtu yeyote kwamba nyuma yake kuna mwanamke, kwa kuwa kila mtu anajua huenda anayeivaa ni mwanamume. Kinachothibitisha ni sauti. Ndiyo maana mlango uliofunguka usiku ule haukuwa mlango wa mhusika wako, na hata ukimbadilisha mara kumi, utakuja kusimama mbele ya mlango ule ule siku kikosi kitakapokuhitaji useme.

Ukimya wako ulikulinda, sikatai, lakini uliwafundisha wenzako kudhani kwamba miaka sita ya kuponywa kwa wakati ilitoka kwa mwanamume. Walipoisikia sauti yako walikuwa na njia mbili: waibadilishe dhana yao, au waikatae sauti. Wanaokuuliza ni nani aliyekufundisha wanatafuta mwanamume wa kumpa sifa zako. Swali hilo usilijibu kwa kujitetea. Waambie kwamba kumbukumbu za vita zinazoonyesha nani alifanya nini zipo, wazisome, kisha endelea na mpango wa usiku huo.

Na kabla ya vita vijavyo, zungumza na kiongozi wako aliyeugua, peke yenu, kwa maneno machache yaliyo wazi. Mweleze kwamba mponyaji aliyezimiwa sauti ni hatari kwa kikosi kizima, hata ukiacha mambo ya heshima, kwa sababu asiyekusikia ukimwambia asogee atakufa, na akifa yeye wengine watamfuata. Mtake atangaze kwamba anayeongoza usiku huo anasikilizwa na wote, na anayemzimia sauti anapisha nafasi. Nina imani kwamba mtu uliyemshikia usukani alipokuwa kitandani atakuelewa. Asipokuelewa, basi hapo nakubali uondoke, ila uondoke ukiwa unasema. Tafuta chama kingine cha wachezaji chenye kanuni za heshima zilizoandikwa, na chenye wanawake katika uongozi, maana vyama hivyo vipo, na siku ya kwanza ya kujiunga wasalimie kwa sauti yako. Watakaokukataa utawajua siku hiyo hiyo, nawe hutakuwa umewatumikia miaka sita kwanza.

Huyu wa dhahabu na vito nimemtenga kwa makusudi, kwa sababu alichofanya hakifanani na ujeuri wa wenzake. Aliomba picha, ukakataa, akaenda kuichukua mwenyewe. Huyo anakuonyesha kwamba kukataa kwako hakumzuii, na mtu wa namna hiyo haombwi tena kwa upole. Vitu vyote alivyokutumia viweke kwenye hazina ya chama mbele ya watu, ili asije akadai kwamba mlikuwa na maelewano. Usimjibu ujumbe hata mmoja, wala kumtukana, kwa sababu jibu lolote kwake ni mlango. Piga picha za skrini za ujumbe wote, tarehe na saa zikionekana, uzihifadhi mahali pawili. Ukishazihifadhi, na si kabla, mfungie kila mahali na upeleke malalamiko kwa wenye mchezo kupitia kitufe cha kuripoti kilichomo ndani yake.

Halafu chunguza jina lako lilitokea wapi. Mara nyingi ni jina lile lile la kuchezea ambalo mtu alilitumia zamani kwingine, au barua pepe, au mahali alipotaja mji wake. Mwombe dada yako azifunge picha za harusi zionekane na jamaa tu. Akileta vitisho, akikufuata kwa akaunti nyingine au akizisambaza picha zako, nenda polisi na ushahidi wako, kwani Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na humo kumsumbua mtu mtandaoni ni kosa la jinai. Ikiwa anaishi ng'ambo kumfikia kutakuwa kugumu, lakini taarifa iliyoandikishwa mapema itakufaa.

Wala usimruhusu mtu akuambie kwamba unakuza mambo. Mwezi wa Julai 2010 kampuni ya Blizzard, yenye gemu ile niliyoitaja, ilitangaza kwamba wachezaji wataanza kuandika kwa majina yao ya kweli katika mabaraza yake ya majadiliano. Upinzani ulikuwa mkubwa, na miongoni mwa waliopinga walikuwemo wanawake wengi walioeleza hofu hii hii yako, kwamba anayelijua jina huweza kufika mlangoni. Baada ya siku tatu kampuni iliacha mpango huo. Hofu yako wengine wameshaisema hadharani, na ikasikilizwa.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa kuwa ndiye unayeishi naye. Anaposema hao si watu wa kweli, anakosea. Huko Norway kulikuwa na kijana aliyeitwa Mats Steen, mgonjwa wa kudhoofika misuli, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake walimhuzunikia kwa kudhani kwamba aliishi mpweke chumbani na kompyuta yake. Walipotangaza kifo chake, zilianza kuingia barua pepe kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, za watu waliocheza naye World of Warcraft, wakieleza jinsi alivyowasikiliza na kuwashauri katika shida zao, na baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Msimulie mumeo habari hiyo bila kumtambia.

Lakini mwanangu, anaposema usiku wa manane, hapo hajakosea. Ikiwa mnacheza kwenye seva za Ulaya, yaani kompyuta kuu zinazoendesha mchezo, ratiba hufuata jioni ya Ulaya, na saa mbili usiku ya Paris wakati wa baridi yao ni saa nne usiku kwetu, kwa hiyo vita vinavyochukua muda wa saa tatu hukufikisha saa saba, nawe una mtoto wa kuamsha na hesabu za watu za kufunga asubuhi. Punguza siku, ziwe mbili kwa juma na zijulikane nyumbani kama siku za kikao cha chama cha akiba zinavyojulikana. Na lipo lililo zito zaidi ya saa. Barua yako haisemi kwamba mumeo alikuwa akijua jinsi ulivyo hodari, wala kwamba alikuwa akiwajua wenzako hata mmoja kwa jina. Amepata habari za ulimwengu wako kutoka kwa mwanamume mgeni aliyekuwa ameshika picha ya mkewe. Usiku mmoja alijikuta yeye ndiye asiyejua. Naamini hilo ndilo lililomuuma, na hili la gemu za watoto ni neno tu lililopatikana karibu na mdomo. Mwombe radhi kwa kumficha. Usiombe radhi kwa kucheza. Mwonyeshe ujumbe wote wa yule mtu tangu wa kwanza, usifute hata mstari, kisha mfanye pamoja kazi ya kuhifadhi ushahidi niliyokueleza.

Baada ya hapo, usiku wa vita vinavyofuata, mwekee kiti kando yako kama nilivyowekewa mimi. Fikiria anachosikia siku zote akiwa kitandani: wewe umevaa hedifoni, kwa hiyo yeye husikia nusu tu ya mazungumzo, sauti ya mkewe ikicheka na kuita watu asiowajua, kisha kimya, kisha kicheko tena. Mtu yeyote angeijaza ile nusu nyingine kwa ubaya. Waambie wenzako kwamba mumeo yupo na anasikia, mwonyeshe vile visanduku ishirini na kipi ni cha nani, kisha chomoa hedifoni, sauti zitoke kwenye spika, na uwashe maiki.