Jibu: Namna ya kudumu kazini bila kuchakaa

Dada mhasibu, nimekuelewa: una miaka 34, unatoka Chanika saa 11 alfajiri kwenda ofisini Posta, Dar es Salaam, na kurudi saa 4 usiku, hujaenda likizo kwa miaka miwili, moyo wako huenda mbio usiku, unafikiria kuhamia karibu na ofisi au kuacha kazi, na unauliza utafikaje miaka 60 ya kustaafu. Kwa mwendo huo, sidhani kama utafika.

Anza na likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Andika barua, utaje tarehe na jina la atakayekaimu nafasi yako, kisha ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, kwa kuwa ombi la mdomo husahaulika mara hesabu za kufunga mwezi zinapoanza. Wengi wetu huogopa ofisi isije ikagundua kwamba inaweza kwenda bila sisi, na kwa maoni yangu hofu hiyo huchosha kuliko kazi yenyewe.

Kuhusu kuhamia karibu, piga hesabu ya nauli na usingizi unaopotea kabla ya kuikimbia kodi ya miezi sita. Kagua pia michango yako NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, maana makato kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba fedha zimepelekwa.

Ile hali ya moyo kwenda mbio usiku usiiite uchovu tu. Mwone daktari wiki hii, kabla hujaamua lolote kuhusu kuacha kazi.