Viroidi ya viazi haimpati binadamu

Kuna aliyeuliza kama mtu anaweza kuambukizwa na viroidi, kile kimelea kidogo sana kinachougua nacho mmea wa viazi. Hapana, kula waru (viazi) zenye viroidi hakukuambukizi chochote, hata ukizinunua gunia zima sokoni Marikiti, Nairobi. Na jamaa mwingine aliyemjibu kwamba viroidi ni "kirusi kichanga" amekosea. Kirusi kina koti la protini. Viroidi ni uzi mtupu wa RNA (kemikali inayobeba maelekezo ya urithi) uliofungwa duara kama bangili, hauna koti na hautengenezi protini hata moja. Ile ya viazi, ambayo Theodor Diener aliitambua Marekani mwaka 1971, ina herufi za kijeni kama 359 tu. Kazi yote ya kujinakili inafanyiwa na vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za seli) vya mmea wenyewe, ndiyo maana mwilini mwako haina pa kushika. (Kirusi cha homa ya ini aina ya D kinafanana nayo kiasi, lakini hicho kina protini yake na huazima koti la kirusi cha aina ya B.)

Nilisomea magonjwa ya mimea chuoni Kabete, na kitu tulichokaririshwa ni kisu. Viroidi husafiri kwa kisu cha kukatia mbegu, kwa mikono, hata kwa chavua. Spiriti haisaidii sana. Chovya kisu kwenye jiki (dawa ya kung'arishia nguo).

Ila usimhukumu muuzaji wa mbegu kwa sababu viazi vimetoka virefu na kuchongoka kama vya viroidi. Mvua ikikatikakatika pia huvipotosha umbo. Bila kipimo cha maabara, hiyo ni kubahatisha.