Ng'ombe watatu, marobota matatu: faida imeenda wapi?

SWALI: Ninafuga ng'ombe watatu aina ya Friesian katika ploti yangu huku Ruai. Wawili wananipa lita 8 kila mmoja kwa siku, ambazo huwauzia majirani kwa shilingi 60 lita moja. Wa tatu hakamuliwi tangu miezi minne iliyopita. Kwa kuwa sina shamba, ninanunua marobota matatu ya nyasi kavu kila siku, kila robota shilingi 350, na kila mwezi natia pesa zangu za mfukoni. Je, niache kufuga?
Mfugaji, Ruai

JIBU: Usiache kwanza, ingawa hesabu yako inasikitisha, hasa kwa mtu anayeamka alfajiri kila siku kukamua. Maziwa yanakupa shilingi 960, nyasi zinakula shilingi 1,050, na hapo hatujataja maji, chumvi wala daktari. Ng'ombe wawili wanamlisha wa tatu, na hawamwezi. Mwite daktari wa mifugo leo ampime mimba. Ikiwa anayo, mvumilie, kwa maana atazaa na kulipa. Ikiwa hana, na daktari haoni tumaini la kushika karibuni, muuze kabla hajakonda.

La pili ni robota lenyewe. Wewe unahesabu marobota, lakini ng'ombe anakula kilo. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, nayo marobota hutofautiana sana: lingine lina kilo 15, lingine halifiki 10, ilhali kwa macho yanafanana. Nunua mizani ya kuning'iniza. Robota la kilo 10 kwa shilingi 350 ni shilingi 35 kwa kilo. La kilo 15, hata likiuzwa shilingi 400, halifiki shilingi 27.

Kisha lifungue moja mbele ya muuzaji. Nyasi za boma Rhodes zilizokatwa zinapoanza kutoa maua huwa na majani mengi, rangi ya kijani iliyofifia na harufu tamu. Zile zilizoachwa hadi mbegu zikavunwa ni vijiti vya manjano vinavyovunjika mkononi. Protini yake mara nyingi hushuka chini ya asilimia 7, na hapo vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula hudhoofika, maziwa yakapungua hata kama hori limejaa. Nashuku lita zako 8 zinatokana na nyasi za namna hii, kwa kuwa Friesian aliyelishwa vyema hutoa zaidi ya hapo.

Mwisho, anza kuweka akiba ya kununua nyasi nyingi kwa pamoja mvua za masika zinapokwisha, mwezi wa Juni au Julai, wakati zinavunwa kwa wingi, badala ya kungoja ukame wa Januari na Februari. Zipange juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.